Kinachoshindiliwa Mtutuni: Somo Kuhusu Gobore na Risasi Zake



Katika baraza zetu za usalama kuna swali linalorudi kila mahindi yanapoanza kukomaa. Huulizwa na mzee, kwa sauti ya chini, mwishoni kabisa, watu wakiwa wameanza kukung'uta vumbi ili wasimame: "Afande, na gobore la marehemu baba, nalo huhesabiwa bunduki?" Wenzake hutazama chini. Nasi huelewa kwamba lipo gobore mahali fulani, juu ya dari, limefungwa kwa gunia, na kwamba waliotazama chini wanajua lilipo.

Kwa muda mrefu tumelijibu swali hilo kwa vifungu vya sheria, kisha tukaketi. Jibu lilikuwa sahihi ila halikuingia. Mtu aliyekesha shambani akifukuza nguruwe-mwitu, au aliyeamka akakuta kiboko wa Ziwa Nakivale amepita katikati ya viazi vyake, hana nafasi ya vifungu moyoni. Kwa hiyo katika toleo hili tumeamua kuanzia mahali ambapo mwenye gobore mwenyewe huanzia, yaani kwenye kile anachokishindilia mtutuni. Sheria tutaifikia, wala haitachukua kurasa nyingi. Tunaamini msomaji akielewa risasi ya gobore inavyofanya kazi, nusu ya sheria ataitunga mwenyewe.

Neno lenyewe

Gobore ni bunduki ya kushindilia. Baruti huingizwa kwa mdomo wa mtutu, ikafuatiwa na risasi, na vyote vikasukumwa hadi chini kwa ufito uitwao mdeki. Ile ya kale zaidi, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, wazee wa pwani waliiita gumegume. Iliyofuata huwashwa kwa fataki, kikofia kidogo kinachovikwa juu ya kifa na kugongwa na nyundo ya bunduki. Ndugu zetu waliotoka Kongo wengine huiita pupu. Majina ni mengi, lakini chombo ni kilekile: mshindo mmoja, moshi mwingi, kisha kuanza upya.

Kiswahili kimehifadhi jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Neno "risasi" halikuanza kuwa jina la kitu kinachopigwa na bunduki. Ni jina la madini, yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi wa Nakivale huyafunga kwenye nyavu zao ili zizame. Kitu kilichotoka bunduki kikapewa jina la madini hayo kwa sababu kwa karne nyingi hakikutengenezwa kwa kingine. Waliotuachia neno hilo walikuwa tayari wametuachia somo: kinachofaa kuingia katika mtutu wa kushindilia ni risasi ya risasi. Chuma hakikutajwa.

Bunduki iliyokuja na sanduku lake

Mwanzoni mwa 1862 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Karagwe, akavuka Kagera (yeye aliiandika Kitangule), na mwezi Februari akafika kwa Kabaka Mutesa. Katika orodha ya zawadi alizompa Kabaka kulikuwa na bunduki moja ya Whitworth, bastola moja na karabini tatu. Wasomaji wa historia huishia hapo. Sisi, kwa mazoea ya kazi yetu, tumevutiwa na vitu vidogo vilivyofuata katika orodha ileile: sanduku la baruti na zana zake, sanduku la risasi na sanduku la fataki.

Sanduku hilo la risasi lilikuwa na maana. Bunduki za Whitworth zilisifika kwa mtutu ambao tundu lake lina pembe sita badala ya kuwa duara, na risasi yake nayo ilifinyangwa kwa pembe sita ili ikae ndani kama mchi wake kinuni. Ikipewa risasi hiyo, ilipiga mbali na kwa usahihi ambao bunduki nyingine za siku zile hazikuufikia. Ikipewa kitu kingine, sifa yake yote inapotea. Kwa hiyo hata mtu aliyepeleka zawadi ikulu hakuthubutu kupeleka bunduki bila risasi zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Miaka 28 baadaye, katika Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Yaliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Hapo ndipo tunapopata sababu moja ya gobore kudumu katika nchi zetu muda mrefu baada ya kutupwa na wenyewe walioliunda. Zile za kiwandani zilipochakaa, mafundi wa vijijini walianza kuziiga. Na hapo ndipo sanduku la risasi lilipopotea. Gobore la kuigizia halina kipimo kinachojulikana, hivyo halina risasi yake, na lisilo na risasi yake hulishwa chochote.

Risasi inayofaa inafanya nini

Hebu tuiangalie kwanza risasi iliyochaguliwa vizuri, ili tujue kilichokosekana katika ile nyingine.

Katika Marekani majimbo mengi yametenga msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za kushindilia. (Kulungu wa huko hudondosha pembe zao kila mwaka na kuota nyingine, jamii hiyo haipo katika Afrika ya kusini mwa Sahara. Wetu, kuanzia pongo ambaye Wanyankore humwita engabi hadi swala pala wa Mburo, hukaa na pembe zao maisha yote.) Mwindaji wa huko, kabla hajanunua baruti, hujiuliza maswali kuhusu risasi, na maswali yake yanatufaa sisi pia.

La kwanza ni umbo. Kuna risasi ya tufe, mviringo kama gololi, na kuna risasi ndefu yenye ncha. Ndani ya mitutu mingi ya kiwandani kuna mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Mfereji unaojipinda polepole, mzunguko mmoja kwa sentimita 120 au zaidi, unaifaa tufe. Unaojipinda kwa haraka, mzunguko mmoja kwa sentimita 70 hivi, unaifaa risasi ndefu. Ukivibadilisha, risasi ndefu itaanguka ubavu na tufe litaruka mifereji. Mwaka 1849 ofisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alipata sifa kwa risasi ndefu yenye shimo kitakoni: ikilipuliwa, kitako hutanuka na kuing'ang'ania mifereji. Uvumbuzi huo uliwezekana kwa sababu madini ya risasi ni laini. Chuma hakitanuki.

La pili ni ukubwa. Tufe huwa dogo kidogo kuliko tundu la mtutu, na huvikwa kiraka cha kitambaa cha pamba au kitani kilichopakwa mafuta. Kiraka huziba upenyo, huzuia hewa ya mlipuko isivuje, na hulishika tufe lisisogee. Kwa mtutu wa milimita 12.7, tufe la milimita 12.4 la risasi safi lina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Ongeza kipenyo kwa milimita moja tu, uzito unafika gramu 14 na nusu. Ndiyo kusema tofauti ambayo jicho haliioni, mtutu unaihisi. Tufe la chuma la ukubwa uleule lina gramu 8 tu. Ni jepesi, linapoteza mwendo upesi, na kwa kuwa ni gumu hukwaruza mtutu kila linapopita.

La tatu ni umbali. Tufe halikati upepo vizuri. Linapofika mita 90 hivi huwa limepoteza zaidi ya nusu ya nguvu lililotoka nayo mdomoni mwa bunduki. Mwenye mtutu laini usio na mifereji hana uhakika hata wa umbali huo. Waangalifu hawapigi zaidi ya mita 50. Lakini tahadhari: tufe lililochoka kiasi cha kutoweza kumwangusha swala bado linaweza kumuua mtu aliye mbali mara kadhaa ya umbali huo, mtu ambaye mpigaji hakumwona wala hakujua yupo.

La nne ni mnyama mwenyewe. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 65. Pofu dume huweza kupita kilo 600. Hakuna mtu mwenye akili anayemtayarishia kila mmoja wao risasi ileile, na kwa nyati aliyejeruhiwa hatutaki hata kuanza hadithi. Risasi iliyochaguliwa inakusudiwa imwangushe mnyama papo hapo. Ile isiyochaguliwa humpeleka na jeraha hadi kwenye matete ya ziwa, afe baada ya siku tatu, bila faida kwa yeyote isipokuwa fisi.

Na gobore la kijijini hulishwa nini?

Hulishwa vipande vya nondo. Hulishwa gololi za baiskeli, misumari iliyokatwa, kokoto, na mara nyingine risasi ya nyavu iliyoyeyushwa jikoni. Tutaeleza kila kimoja kinafanya nini, kwa kuwa ndicho kiini cha somo letu.

Kipande cha nondo si tufe wala si risasi ndefu. Hakina mhimili, hivyo kikitoka mtutuni hugeukageuka hewani na kwenda kinakotaka. Kina kingo kali. Hakikazwi na kiraka, hivyo bunduki ikiinamishwa husogea kuelekea mdomoni na kuacha nafasi kati yake na baruti. Nafasi hiyo ndiyo hatari ambayo wengi hawaijui. Bunduki ya kushindilia ni salama kiasi pale tu risasi inapokaa juu ya baruti bila pengo. Risasi iliyosogea, baruti ikiwaka, huwa kama kizibo katikati ya bomba, na mtutu hupasuka mahali palepale pa kizibo, yaani karibu na mkono wa kushoto wa mpigaji na chini ya uso wake. Mitutu mingine ilianza maisha kama bomba la maji. Bomba la maji lilitengenezwa kwa shinikizo la maji. Mlipuko wa baruti una shinikizo kubwa kuliko hilo kwa mara nyingi sana, na maungio ya bomba hayajui kwamba sasa yamepewa kazi nyingine.

Chuma kikigonga jiwe, na Isingiro si nchi ya uhaba wa mawe, hudunda. Risasi laini hubonyea na kupoteza nguvu, ingawa nayo si ya kuaminiwa. Chuma huruka na kubadili njia. Shamba la migomba lina watu, na njia za kwenda kisimani zina watoto. Aliyepiga akielekea kilimani hawezi kusema kipande chake kimeishia wapi.

Kuyeyusha risasi nyumbani kuna sumu yake. Madini haya huyeyuka kwa nyuzijoto 327, moto ambao jiko la mkaa huupata bila taabu, na kwa hiyo watu huona ni kazi rahisi. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini na hautoki upesi. Wanaochukua risasi ya betri za magari huongeza hatari juu ya hatari, kwani ndani yake mna mabaki ya tindikali na madini mengine yenye sumu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Sumu hiyohiyo husafiri ndani ya nyama: risasi laini ikimpiga mnyama huacha chembe ndogo kuzunguka jeraha, na mama anayepika hazioni. Jimbo la California, tangu Julai 2019, limekataza kabisa risasi za madini haya katika uwindaji. Wao wana viwanda vya kutengeneza badala yake kwa vipimo vya kila bunduki. Asije mtu akasoma habari hii akadhani nondo sasa imehalalishwa.

Tukumbuke na moto. Kiraka cha kitambaa hutoka mtutuni kikifuka na huanguka hatua chache mbele ya mpigaji. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, nyasi zikiwa zimekauka, kitambaa kimoja kinatosha kuteketeza malisho ya kijiji.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi wapelelezi moja kwa moja. Risasi ya bunduki yenye mifereji hutoka ikiwa na alama za mtutu wake, na mtaalamu akiilinganisha anaweza kusema imetoka bunduki ipi. Kipande cha nondo kilichopita katika mtutu laini hakituambii lolote la namna hiyo. Mtu akipigwa usiku kwa gobore, hatuna njia rahisi ya kumtenga mwenye gobore asiye na hatia na yule aliyefyatua. Wote huingia katika orodha ya kuhojiwa, na kijiji huanza kunong'onezana. Tumeona ujirani wa miaka mingi ukifa kwa minong'ono hiyo, na hatukuwa na cha kuurudishia.

Gobore lililo darini

Wengi wa wanaotuuliza swali la baraza hawawindi. Wamerithi tu. Huona kwamba kitu ambacho hakijaguswa tangu mazishi ya baba hakiwezi kudhuru mtu.

Mwaka 1863, baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, jeshi liliokota uwanjani bunduki zaidi ya 27,000, nyingi zikiwa za kushindilia. Karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili, na maelfu zilikuwa na tatu au zaidi, moja juu ya nyingine. Askari katika kelele za vita hawakujua kama bunduki zao zimelia au la, wakaendelea kushindilia. Hao walikuwa watu waliofundishwa kazi hiyo, na bunduki zao zilikuwa mikononi. Je, la darini, ambalo aliyelishindilia amekwisha kuzikwa, nani anajua lina nini ndani?

Baruti nyeusi ikikaa kavu haichakai haraka. Moshi wa jikoni unaopanda darini huiweka kavu vizuri kabisa. Wenye ujuzi hupima kwa mdeki uliotiwa alama: ukishuka hadi alama ya chini, mtutu ni mtupu; ukigoma kabla ya hapo, kuna kitu. Tunakutajia hilo ili ujue kwamba macho peke yake hayatoshi. Hatukutajii ili upande darini ukapime. Mtoto wa miaka kumi naye ana udadisi, na mtutu hauchagui wa kumtazama.

Mto na pande zake mbili

Sasa sheria, kwa ufupi kama tulivyoahidi.

Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inamtaka kila anayemiliki silaha ya moto awe na cheti chake. Silaha kuwa kuukuu, kurithiwa au kuundwa na fundi wa kijiji si kinga. Kwa hiyo mzee wetu wa barazani tumjibu: ndiyo, nalo huhesabiwa.

Kuwinda ni jambo jingine linalojitegemea. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019 mnyama wa porini hawindwi bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, hata akikutwa nje ya hifadhi, hata akiwa shambani kwako. Uwindaji wa kibali upo: mwaka 2001 UWA iliuanzisha kwa majaribio katika maeneo ya wafugaji yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, kwa idadi ya wanyama iliyopangwa na chini ya usimamizi. Gobore halina nafasi katika mpango huo. Kwa anayeua wanyama walio katika hatari ya kutoweka, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Sheria hiyohiyo iliweka pia utaratibu wa fidia kwa aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyamapori wa aina zilizoorodheshwa, na sehemu hiyo haitajwi vya kutosha. Aliyeharibiwa shamba atoe taarifa kwa mwenyekiti wa LC 1 na kwa UWA mapema, kabla alama za nyayo hazijafutika, na apige picha kama ana simu. Tunajua malalamiko kwamba fidia huchelewa. Ni malalamiko ya haki, nasi tunayafikisha kila tupatapo nafasi. Hayageuzi hesabu ya nondo na bomba la maji.

Ng'ambo, Murongo na wilaya nzima ya Kyerwa, hali inafanana kwa sehemu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na wapo wananchi wenye magobore yaliyosajiliwa kihalali. Hao ndio ambao masomo ya hapo juu kuhusu tufe na kiraka yanawahusu kwa vitendo: tufe la risasi la kipimo cha mtutu, kamwe chuma, na bunduki ikaguliwe na fundi anayetambuliwa kabla ya kutumika. Lakini cheti cha gobore si leseni ya kuwinda. Na tangu 2019 sehemu ya ukingo wa Kagera upande huo ni Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, ambamo hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Kosa tunalokutana nalo sana ni la kuamini kwamba kibali huvuka mto pamoja na mwenyewe. Gobore lililosajiliwa Murongo, likikanyaga Kikagate, ni silaha isiyo na cheti. Vivyo hivyo kwa baruti na fataki zinazopitishwa katikati ya magunia ya maharage. Nchi zetu mbili, pamoja na Rwanda, Burundi, Kongo, Kenya na nyinginezo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo, na zinapeana taarifa. Wakimbizi wa Nakivale nao wanajua: anayeomba hifadhi hukabidhi silaha anapoingia. Kama ndugu alifika na kitu akakificha kwa hofu, hofu ile tunaielewa, kwani wengi walitoka mahali ambapo bunduki ndiyo iliyowafukuza.

Ukitaka kulitoa nyumbani

Usilibebe kwenye bodaboda. Usilipeleke kituoni mwenyewe bila taarifa, kwa sababu askari wa zamu akimwona mtu anakuja na mtutu hana muda wa kuuliza ni wa mwaka gani. Usijaribu kutoa kilichomo kwa nyundo, kwa waya wala kwa moto. Liache lilipo, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo na watu, watoto wakiwa mbali, kisha utoe taarifa kwa mwenyekiti wa LC 1, au kwa ofisa uhusiano wa kituo cha Kikagate, au kwa polisi wa Nakivale, au kwa simu ya bure 999 au 112. Tutakuja na fundi wa silaha, tutalikagua hapohapo, nawe utaandikiwa hati inayoonyesha kwamba umelikabidhi wewe mwenyewe. Hati hiyo itunze.

Watu hutuuliza kama watashtakiwa. Hatutaandika ahadi ambayo si yetu kuitoa, maana uamuzi wa mashtaka uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tunachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba faili la mtu aliyekuja kwa hiari, akaeleza silaha ilivyomfikia, halisomeki kama faili la mtu aliyefumaniwa usiku mpakani mwa hifadhi akiwa na nyama begani. Tanzania kwa nyakati mbalimbali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na magobore huwa miongoni mwa zinazoletwa. Kila tangazo la namna hiyo, la huku au la huko, tutalibandika kwenye mbao za matangazo za vituo na kulisoma katika baraza.

Baraza lijalo la Kikagate tutaleta mdeki uliotiwa alama, tufe moja la risasi na kipande kimoja cha nondo, ili kila mmoja avishike kwa mkono wake na kupima uzito. Bunduki hatutaileta. Wazee wenye maswali ya pembeni tutabaki nao baada ya wengine kuondoka.